Kupunguza Mwendo kwa Ajili ya Nani?

Lugha yetu ina methali za kumridhisha kila mtu. Mwenye haraka akilaumiwa hujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba ukichelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenye kujikokota naye akisutwa husema haraka haraka haina baraka, mwenda pole hajikwai, kawia ufike. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi niliwahi kuwapa watoto kazi ya kuandika insha juu ya methali mbili zinazopingana. Wengi walimaliza kwa kusema kwamba zote ni kweli, kila moja kwa wakati wake. Niliwapa alama nzuri, kwani hata mimi sikuwa na jibu lililo bora kuliko hilo. Lakini sikuwauliza, wala sikujiuliza, swali ambalo leo naliona kubwa kuliko methali zenyewe: mtu atautambuaje huo wakati wake? Na anapopunguza mwendo, je, anaupunguza kwa ajili ya nani?

Nataka kulijadili swali hilo kwa kusimulia mambo mawili yaliyonipata, moja katika barabara ya Mikumi na jingine nyumbani kwetu Kilosa. Si mambo makubwa. Hakuna gazeti ambalo lingeyachapa. Lakini nimekwisha kuwa mzee, na nimeona kwamba maisha ya mtu hujengwa zaidi na mambo madogo ya namna hii kuliko yale makubwa anayoyasimulia akialikwa kuzungumza.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si adui wa haraka. Nimezaliwa na kukulia kandokando ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika nayo Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Hapo Kilosa reli hulifuata bonde la mto Mkondoa ili kupanda kwenda Dodoma. Treni ndiyo iliyokuwa saa yetu utotoni. Ilipoingia stesheni ilikaa kwa muda mrefu, na sisi watoto tulikimbia dirisha hadi dirisha tukiuza maembe, miwa na mahindi ya kuchoma. Abiria alinunua embe, akalila papo hapo, akauliza habari za mvua, akatoa na utani juu. Hakuna aliyesema kwamba ule ulikuwa utulivu. Tulisema tu kwamba treni imechelewa.

Halafu tukawa vijana wa siasa ya kukimbia. Mwalimu Nyerere alituambia kwamba wenzetu wakitembea, sisi hatuna budi kukimbia, nasi tulimwelewa. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 ikiwa na watu wengi wasiojua kusoma haikuwa na muda wa kuketi. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wenye mvi walishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe, na walimu walifundisha watoto asubuhi na baba zao jioni. Kukimbia kule kulikuwa kwema, na sitaki mtu anayeyasifu maisha ya polepole akusahau.

Lakini kulikuwa na kukimbia kwingine. Novemba 1973 kuishi vijijini kulifanywa kuwa amri, na muda uliowekwa ulikuwa hadi mwisho wa 1976. Watu walihamishwa kwa malori, na pengine walishushwa mahali ambapo kisima kilikuwa bado hakijachimbwa. Mtu unaweza kumwamuru ahame kwa siku moja, lakini huwezi kukiamuru kisima kitoe maji siku hiyohiyo, wala mwembe uzae. Kila kitu kina mwendo wake, na asiyeutambua mwendo wa kitu hukivunja hata kama nia yake ni njema.

Wala si kila polepole ni wema. Nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye foleni ya ofisi fulani, akimtazama karani ndani ya dirisha akinywa chai yake taratibu, akimega andazi, akicheka na mwenzake, huku nje mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni akisubiri muhuri mmoja tu? Karani yule anaifurahia dakika yake. Hana haraka. Ukiyasoma maneno ya wanaosifu utulivu, utaona ametimiza yote. Na hata hivyo sote tunajua kwamba anakosea. Nawaomba msomaji na yeyote atakayesikia haya wamkumbuke karani huyu, maana nitarudi kwake, na nitarudi kwa aibu.

Sasa nieleze habari ya Mikumi. Mwanzoni mwa 1998 mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara nyingi nchini. Nilikuwa nikifundisha Dar es Salaam, nikaletewa habari kwamba mama amezidiwa na nije mara moja. Njia ya Dumila ilikuwa haipitiki, basi nikapanda basi la Iringa ili nishukie Mikumi, na kutoka hapo nitafute gari lolote la kunifikisha Kilosa.

Asiyeijua njia hiyo afahamu kwamba barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilometa 50 hivi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, eneo lake ni kilometa za mraba 3,230, na jina lake limetokana na mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya minazi yenye majani kama vipepeo. Hakuna ua kati ya lami na mbuga. Tembo, nyati, twiga, pundamilia na swala huvuka wanapotaka, kwa sababu wao hawakuambiwa kwamba kuna barabara. Siku hizi pana vibao vinavyoamuru mwendo usizidi kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku, pana matuta, na pana ubao wenye orodha ya wanyama na faini ya kila mmoja kwa atakayemgonga.

Mwalimu haachi kupiga hesabu. Ukizikimbia kilometa 50 kwa mwendo wa 100 kwa saa, utatumia dakika 30. Ukienda kwa 70, utatumia kama dakika 43. Tofauti ni dakika 13. Ndizo dakika ambazo abiria hugombana na dereva kwa ajili yake, na ndizo zinazoweza kuwa uhai wa mnyama, na wakati mwingine uhai wa basi zima, kwani tembo hagongwi peke yake.

Siku ile dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, mkimya. Tulipoingia hifadhini akapunguza mwendo. Nami moyo ulikuwa ukinidunda. Nikaenda mbele, nikamwambia kwamba mama yangu yu mahututi, naomba akanyage mafuta. Akanitazama kwenye kioo chake.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini hapa tumo nyumbani kwa watu. Nyumbani kwa watu mtu haingii mbio."

Nikarudi kitini nimekasirika. Haikupita muda akasimama kabisa. Twiga walikuwa wakivuka. Abiria waliinuka madirishani, mtoto mmoja akapiga kelele za furaha, mzee mmoja akawa anasema taratibu, "Makubwa haya, makubwa haya." Mimi nilitazama saa yangu ya mkononi. Naikumbuka hata leo: tulisimama dakika nne. Kisha twiga wakapita, basi likaondoka, nikashuka Mikumi, nikapata pikapu iliyojaa magunia, tukapita Ulaya, kijiji chetu kilichopewa jina kubwa, na saa mbili usiku nikawa Kilosa.

Mama alikuwa hai. Jioni ile homa ilikuwa imeshuka na alikuwa ameomba uji. Miguu yake ilikwisha kumkataa miaka miwili kabla ya hapo, na kitanda chake kilikuwa kimewekwa karibu na mlango ili aone ua. Ulimwengu wake wote ulikuwa mlango ule mmoja.

"Karibu, baba," akaniambia. "Umepitia wapi na mvua hizi?"

"Mikumi, mama. Dumila hakupitiki."

"Umeona nini njiani?"

"Sikuona kitu, mama. Tulicheleweshwa tu na twiga."

Akanyamaza kidogo. "Twiga. Walikuwa wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Walikuwa na mtoto?"

"Sijui, mama."

"Na baada ya Mikumi ukapita Ulaya?"

"Nikapita."

"Mwanangu," akasema, "umekwenda hadi Ulaya na umerudi huna hadithi!"

Watu wote chumbani wakacheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimemletea sukari, sabuni na dawa. Kitu pekee alichoniomba ni habari ya barabarani, nacho sikuwa nacho, ingawa nilikaa dakika nne mbele yake.

Nimelifikiri jambo lile kwa miaka mingi, na nataka nilitendee haki. Sijutii kwamba nilikuwa na haraka. Mama mgonjwa ni sababu ya kutosha ya kuwa na haraka, na kama ningemkuta anakata roho kila dakika ingekuwa na thamani yake. Ninachojutia ni kingine. Basi lilikuwa limesimama. Kama ningewatazama wale twiga, nisingemchelewesha dereva hata kidogo, wala nisingemchelewesha mama. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna haraka ya miguu na kuna haraka ya moyo. Haraka ya miguu mara nyingi ni wajibu: mganga, mzima moto, mtoto anayeitwa na mzazi wake. Haraka ya moyo ni pale mtu anapokuwa amefika kabla ya kufika, kiasi kwamba hata akisimamishwa hawezi kusimama. Mwenye haraka ya moyo huweza kupita katikati ya dunia nzima na asiwe na cha kumpelekea mtu aliyelala kitandani.

Tangu siku ile nilijifunza kutazama, na sikujifunza kwa ajili ya nafsi yangu. Mama aliishi hadi 2001. Kila likizo nilipokwenda nilimletea alichokitaka. Nilimwambia habari za nyani aliyemvuka dereva bila kugeuza shingo, mtoto akiwa amening'inia tumboni. Nilimwambia jinsi jua linavyozama upande wa mbuga ya Mkata na majani yakageuka rangi ya ganda la chungwa. Nilimwambia juu ya mama mmoja aliyesafiri na jogoo kwenye kikapu, na jogoo akawika kila basi liliposimama. Yeye alizipokea habari hizo, akazikalia siku mbili tatu, kisha akawasimulia majirani kwa kuongeza chumvi. Twiga wangu watatu walikwisha kuwa saba walipofika mwisho wa mtaa. Sikumsahihisha.

Laiti habari ingeishia hapo, ningeonekana mtu mwema. Lakini jambo la pili bado.

Nilistaafu mwaka 2013, nikarudi Kilosa kuishi kwenye nyumba ya wazazi, ambamo mdogo wangu wa kike alikuwa amebaki miaka yote. Ndiye aliyemuuguza mama. Nikaweka kiti chini ya mwembe, nikanunua daftari, nikaanza kuishi polepole. Asubuhi nilikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, nikitazama ukungu unavyoifunika milima ya Rubeho upande wa magharibi. Nilikunywa fundo moja moja. Niliandika daftarini juu ya harufu ya tangawizi, juu ya sauti ya ufagio kwenye ua wa jirani, juu ya njiwa. Wastaafu wenzangu walipokuja niliwaambia kwamba binadamu wa leo amepotea kwa kukimbia, na kwamba mimi nimeupata ufunguo. Wao walitikisa vichwa kukubali na kumiminiwa chai nyingine.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzuri kupita kawaida. Bomba lilikuwa halitoi maji kwa siku kadhaa, na mdogo wangu alikuwa akiingia uani na ndoo kichwani. Nikamwita.

"Mdogo wangu, hebu tazama ukungu ule. Umewahi kuuona hivi?"

Akashusha ndoo taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Kaka," akasema, "miaka yote nimepita kwenye huo ukungu nikiwa na ndoo kichwani. Sijawahi kuutazama. Ukitazama juu, maji yanamwagika."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Kisha akabeba ndoo yake akaingia jikoni.

Ndugu msomaji, nilikaa pale na kikombe mkononi na chai haikupita kooni. Nikaanza kuhesabu, kama kawaida yangu. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amewasha moto, amefagia ua, amemenya mihogo, amechota maji mara mbili, amechemsha chai. Hayo yote aliyafanya mbio mbio ili kila kitu kiwe tayari saa moja, wakati kaka yake anapoamka kwenda kuishi polepole. Naye mwenyewe hakuwa kijana. Alikuwa amenizidi uchovu ingawa nilimzidi miaka. Chai yangu ya taratibu ilikuwa imepikwa kwa haraka. Utulivu wangu ulikuwa na gharama, ila aliyelipa alikuwa mtu mwingine. Ndipo nilipomkumbuka yule karani wa dirishani. Tofauti yangu na yeye ilikuwa ni hii tu, kwamba yeye hakuwa na daftari.

Wako wenye hekima wengi walioanguka penye shimo hili. Yule Mrumi aliyeitwa Seneca, aliyekufa mwaka 65 baada ya Kristo, alimwandikia Paulinus kwamba maisha si mafupi, ila sisi tunayapoteza. Ni maneno ya kweli, na nimewahi kuyarudia mbele ya watu. Lakini Seneca alikuwa tajiri mkubwa, na nyumba ya tajiri wa Roma iliendeshwa na watumwa. Ni haki kusema kwamba alihimiza watumwa watendewe utu. Hata hivyo najiuliza: asubuhi alipokuwa anawaza juu ya thamani ya wakati, ni nani aliyekuwa akiwasha moto? Na wakati wa mtu huyo uliandikwa katika kitabu gani?

Kwa hiyo mtu akija kuwahubiria watu wa Kilosa au Mikumi kwamba wapunguze mwendo na kuzionja dakika zao, inafaa aanze kwa kuuliza anayemhubiria amebeba nini kichwani. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu jua limezama vizuri. Mama lishe wa kituo cha mabasi akikosa kuwa na wali tayari basi linapoingia, wali huo ataula mwenyewe. Kuwaambia hawa kwamba wana haraka mno ni kuwatukana, isipokuwa uwe tayari kushika upande mmoja wa mzigo.

Lakini nisiende upande wa pili nikasema kwamba maskini hana utulivu. Huo nao ni upofu, na nilikuwa nao. Mdogo wangu alikuwa na dakika zake ambazo mimi sikuwahi kuziona kwa kuwa hazikufanana na zangu. Jumapili mchana alikaa kwenye mkeka kati ya magoti ya jirani yake akisukwa nywele, na kazi hiyo ilichukua saa tatu, na hakuna hata mmoja aliyeharakisha. Alipochagua mchele aliimba kwa sauti ya chini. Na salamu! Mwenyeji wa kwetu akikutana na mwenziwe njiani hupokea shikamoo, hujibu marahaba, huuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za yule aliyekuwa na homa, na mzigo ungali kichwani. Naamini salamu ndiyo namna ya zamani kuliko zote ya kupunguza mwendo. Anayesalimu husimama kwa ajili ya yule aliyekutana naye, na wote wawili huondoka wakiwa wamepata kitu.

Hapo ndipo naona mambo yangu mawili yanapokutana. Dereva wa Mikumi alipunguza mwendo ili mwingine apate nafasi ya kuvuka. Mama alinitaka nitazame ili yeye, asiyeweza kwenda, naye aone. Katika yote mawili polepole ilikuwa ni kitu cha kumpa mtu. Polepole yangu ya chini ya mwembe ilikuwa ni kitu nilichochukua. Kwa nje zinafanana kabisa: mtu ametulia, anatazama, hana pupa. Kwa ndani ni kama mbingu na ardhi. Basi kwa swali nililoanza nalo, juu ya namna ya kuutambua wakati wa kwenda polepole, jibu langu ni hili. Angalia nani anapata nafasi unapopunguza mwendo, na nani anakosa. Ikiwa utulivu wako unamlazimisha mwingine kukimbia, huo ni uchoyo uliokaa kitini.

Kujua ni rahisi, kutenda ndiko kazi. Wiki ile nilichukua baiskeli, nikafunga madumu mawili ya lita 20, nikaenda kuchota maji alfajiri. Njiani watu walinishangaa. Mmoja aliuliza kama mdogo wangu anaumwa, maana hakuona sababu nyingine ya mzee mzima kuonekana kisimani. Siku ya kwanza nilimwaga nusu ya maji njiani. Siku ya tatu mgongo ulikataa. Lakini siku ya nne nilikuwa nimewasha moto na kuchemsha chai, chai mbaya kidogo, nikamwambia mdogo wangu akae kwenye kiti chini ya mwembe.

Hakujua kukaa. Aliinuka kutazama kama moto umezimika. Akaketi. Akainuka kumfukuza kuku. Akaketi. Akainuka kunitengenezea mimi mahali pa kukaa. Mara ya nne ndipo alipotulia, kikombe mikononi, akawa anatazama milimani. Tulikaa kimya kwa muda.

"Kumbe unasogea," akasema.

Nilikuwa nimeuandika ukungu ule daftarini mara nyingi, na sikuwahi kuandika kwamba unasogea. Nikatazama, na kweli, ulikuwa ukipanda taratibu kutoka bondeni, kama moshi wa jiko lisilo na haraka. Mtu aliyeanza kutazama siku ile aliona kile ambacho mtaalamu wa kutazama hakukiona. Nadhani ni kwa sababu yeye aliutazama ukungu, na mimi nilikuwa nikijitazama ninavyoutazama.

Sasa Kilosa kuna reli nyingine. Treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024 huweza kwenda kilometa 160 kwa saa, nayo hupita katika mahandaki yaliyochimbwa ndani ya milima yetu, moja likizidi urefu wa kilometa moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama saa tatu na nusu. Wako wazee wanaosikitika kwamba hakuna tena kukaa stesheni na kula embe dirishani. Mimi siko pamoja nao. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoharibu reli ya zamani na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, tulionja kukaa mahali pamoja bila kupenda, na hakukuwa na utamu. Mgonjwa anayefika hospitali mapema haulizi kama ameziona mandhari.

Ila nina swali moja kwa kila anayeipanda, na nimejiuliza mwenyewe pia. Saa ulizookoa zimekwenda wapi? Muda ulioepushwa njiani ni kama chenji ya sokoni: nyumbani utaulizwa imekwenda wapi. Ukiwa umeitumia kukaa kitandani pa mgonjwa, au kumpumzisha aliyebeba ndoo, basi treni imefanya kazi njema kuliko wahandisi walivyopanga. Ukiwa umeimaliza kwa kutafuta mahali pengine pa kukimbilia, basi umeongeza mwendo bure.

Hivi karibuni mdogo wangu aliipanda treni hiyo kwa mara ya kwanza, akaenda Dar es Salaam kumtazama mjukuu. Aliporudi nilimpokea stesheni, nikampakia bajaji, na tulipofika nyumbani nikamuuliza swali ambalo zamani mimi nililishindwa.

"Umeona nini njiani?"

Akavua viatu, akaketi chini ya mwembe, akaanza tangu alipokata tiketi. Akaeleza habari za mtoto wa kiti cha mbele aliyelia kisha akacheka, na kijana aliyemwachia kiti cha dirishani, na mashamba ya mkonge yanavyokimbia kurudi nyuma. Aliendelea hadi jua likainama. Chai ilichelewa sana siku ile, na zamu ya kuipika ilikuwa yangu.